Mkurugenzi Akalishwa Mkekani

Ipo nchi inaitwa Karibuni. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu wa mwisho kuitafuta aliitwa polisi kueleza alikuwa anaitafutia nini. Ilipata uhuru siku moja ya mvua, na jambo la kwanza ililofanya na uhuru wake ni kuwaalika tena wale wale waliokuwa wakiitawala, safari hii kama wageni. Wakaja. Nani anakataa ukarimu?

Tangu siku hiyo mgeni ndiye kila kitu. Wizara ya afya huko inaitwa Wizara ya Wageni na Afya, na afya imewekwa nyuma kwa adabu tu, maana mwenyeji hatangulii kupita. Halafu ipo Kanuni ya Mgeni, ambayo watoto huimbishwa shuleni kabla hawajajua kusoma: alifanyalo mgeni rasmi, hadhara nzima na ilifanye. Mgeni akipiga makofi, watu wanapiga makofi. Mwaka mmoja balozi fulani alipaliwa na karanga bungeni, na bunge zima likakohoa mpaka kikao kikaahirishwa. Kumbukumbu za bunge zinaonyesha kikohozi kile kama hoja iliyopita bila kupingwa.

Basi katika nchi hiyo, mtaa wa Mabatini, aliishi mama mmoja mnene wa mwili na mfupi wa maneno, jina lake Bi Siwatu. Alikuwa mkunga wa hospitali hadi alipostaafu. Lakini kabla ya kustaafu na baada ya kustaafu alikuwa somo, yaani yule mama anayewafunda wasichana wakivunja ungo na mabibi harusi wakikaribia kuolewa. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha nyuma, na chumba kilikuwa na mlango mmoja wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Mlango huo ndio uliokuwa shirika lake. Halikuwa na jina lingine. Wanawake wa Mabatini walisema tu, naenda Mlangoni, na mwenye akili hakuuliza zaidi.

Nyuma ya mlango ule watu walizungumza yale ambayo huwezi kumwambia mumeo, wala mama mkwe, wala yule nesi wa zahanati anayeutaja ugonjwa wako kwa sauti ukumbi mzima ukasikia. Neno likiingia halitoki. Waliingia wanawake wenye aibu za miaka mingi wakatoka wanacheka. Na anayetaka kupumzika kuzaa, Bi Siwatu alimfungulia sanduku lake la baridi, akamdunga sindano ya uzazi wa mpango, akamwambia aende zake na arudi kwa wakati. Hakuna aliyejua nani kadungwa.

Desturi ya Mlangoni haikuwa na mjadala. Anayeingia mara ya kwanza ni mwari, awe na miaka kumi na mitano au sabini. Mwari huvua viatu, hukaa mkekani, hunyoosha miguu, huinamisha macho, na hasemi. Akiambiwa lete, analeta. Akiambiwa toa, anatoa. Wala hainuki mwenyewe, hata nyumba iwake moto. Wa kumwinua ni somo wake tu, kwa kumgusa bega na kumwambia, inuka mwanangu, umefundwa. Na akishatoka, aliyoyasikia anakufa nayo.

Haya. Sasa sikilizeni jinsi dawa zilivyopotea bila kupotea.

Zamani Bi Siwatu alikuwa akizichukua kwenye ghala la wizara. Anakwenda, anamsalimia mlinzi, anapewa, anarudi. Utaratibu huo ulifanya kazi vizuri mno, na hilo ndilo lililowatia wakubwa wasiwasi. Likaja shirika kutoka nchi za baridi, jina lake Uzazi Duniani, likasema limekuja kuongeza ufanisi. Wizara ikalikabidhi ghala. Shirika, ili kuharakisha mambo, likatia kufuli tatu kwenye mlango mmoja. Ufunguo wa kwanza akapewa Waziri wa Wageni na Afya, Mheshimiwa Shibe Mandondo. Wa pili akapewa Afisa Ubia wa shirika, Bwana Songoro, ambaye ni mzaliwa wa Mabatini hapo hapo lakini alikuwa ameshasahau njia ya kwenda. Wa tatu akabaki na Rais wa Uzazi Duniani mwenyewe, huko huko kwenye baridi, kwa usalama zaidi.

Dawa zikawa ndani, zimejaa hadi darini, salama salimini. Na wanawake wakawa nje.

Bi Siwatu alivumilia akiba yake ilipokuwa inapungua. Lakini chupa za mwisho zilipokwisha, aliyekuja kugonga mlango wa kijani ni Nyamvula muuza vitumbua. Huyu Nyamvula uzazi wake wa mwisho ulitaka kuondoka naye. Bi Siwatu alikuwepo, alimshika mkono akiwa amekuwa mweupe, na daktari alisema waziwazi kwamba mwingine asithubutu. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa, hurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi na bashasha zake zote. Na mama mkwe wake hesabu yake ilikuwa wajukuu tu, angesikia habari ya sindano angemrudisha Nyamvula kwao na vitumbua vyake.

"Somo, zimekuja?" aliuliza Nyamvula.

"Zitakuja, mwanangu. Mwezi huu jibane, mwambie unaumwa."

"Niliumwa mwezi uliopita."

Usiku ule usingizi ulimruka Bi Siwatu, na kesho yake akavaa kanga zake nzuri akaenda kwenye ofisi za Uzazi Duniani.

*

Ofisini alipokewa kwa heshima kubwa, akapewa maji ya chupa, na akaambiwa kwamba dawa hupewa mbia tu. Kuwa mbia sharti ujengewe uwezo. Na kujengewa uwezo ni semina. Bi Siwatu akauliza kama uwezo alioutumia kuzalisha nusu ya mji ule haumo kwenye hesabu. Bwana Songoro akacheka kwa upole, akasema huo ni uwezo wa asili, wao walikuwa wanatafuta ule wa kujengwa.

Semina ilifanyika Hoteli ya Wadau, ghorofa ya juu, baridi ya mle ndani kama imeagizwa kutoka makao makuu. Mada ilikuwa imeandikwa kwenye kitambaa kirefu: KUSIKILIZA SAUTI YA MWANAMKE. Wanawake wa vikundi vyote vya nchi walikusanywa pale, wakakaa kimya kuanzia asubuhi mpaka jioni, wakaelezwa na wanaume wanne jinsi sauti yao inavyopaswa kusikilizwa. Kila mmoja wao alipotaka kusema kitu aliombwa radhi kwamba muda ni mfupi.

Halafu wakapewa kalamu nene wachore mti wa matatizo, mizizi ikiwa sababu na matawi yakiwa matokeo. Bi Siwatu akachora mzizi mmoja, akauandikia: ghala limefungwa. Mwezeshaji akausikitikia sana ule mti. Alisema mti wenye mzizi mmoja hauwezi kupata ufadhili. Jirani yake, mama mmoja wa kikundi cha kusini, alikuwa mzoefu, akachora mizizi hadi kwenye meza, akapigiwa makofi.

Wakapewa pia vikaratasi vya rangi waandike matarajio yao. Bi Siwatu akaandika: dawa. Mwezeshaji akakisoma, karibu akibusu, akasema ni mchango mzuri kupita yote, na kwa kuwa ni mzuri hivyo hauwezi kujadiliwa leo. Akakibandika peke yake kwenye ukuta wa mbali, chini ya maandishi yaliyosema MAEGESHO YA MAWAZO. Bi Siwatu aliuliza vinavyoegeshwa pale huondoka lini. Mwezeshaji akasema hilo nalo ni wazo zuri, akaliegesha.

Hapo ndipo alipokutana na Mkurugenzi Mkaazi, Dokta Hildegad Prum. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye nia njema isiyo na breki. Kiswahili alikijua, tena fasaha, ila alijifunzia kwenye ripoti za miradi, kwa hiyo hakuwa na neno hata moja la kununulia nyanya. Alimshika Bi Siwatu mikono yote miwili akamuuliza habari za utekelezaji. Akamtakia mchana shirikishi. Bi Siwatu akaitikia salama, maana mtu akikusalimia humtazami mdomo.

Dokta Hildegad akamweleza kwamba ghala litafunguliwa, halina shida, kilichobaki ni ziara ya kujionea. Yeye na Bwana Songoro wangeingia kwa Bi Siwatu, wawapige picha wanufaika katika hali yao ya kawaida, wawahoji kidogo mbele ya kamera, kisha watoke na ushahidi.

Bi Siwatu alimwona Nyamvula kwenye picha hiyo. Akamwona na mama mkwe wake anaiangalia.

"Kamera haiingii," alisema. "Mwanamume haingii. Wewe ukitaka ingia, mlango uko wazi kwako. Lakini kwangu hakuna mgeni. Kuna aliyefundwa na kuna mwari."

Dokta akamgeukia Songoro amweleze mwari ni nani. Na hapa ndipo nchi ya Karibuni ilipogeuka, kwa kosa ambalo lingeweza kufanywa na Afisa Ubia tu. Songoro alikuwa amekaa semina miaka mingi kiasi kwamba kwake kila mtu aliye chini ya dari alikuwa mshiriki. Akafikiri kidogo, akajibu kwamba mwari ni aina ya mshiriki, ila wa ngazi ya awali.

Dokta Hildegad alifurahi mpaka mashavu yakamwiva. Alisema maisha yake yote alikuwa akitafuta ushiriki kamili. Akaahidi kuingia kama mwari, kwa kufuata taratibu zote za wenyeji, na akaomba iandikwe hivyo.

*

Gari lao lilipofika Mabatini lilikuwa kubwa hata likakosa pa kukata kona, ikabidi watu wahamishe banda la kuku. Mlangoni alisimama Mashavu, jirani na msaidizi wa Bi Siwatu, mpika uji na mwenye ulimi wa wembe. Songoro akaonyeshwa benchi la nje. Dokta Hildegad akavuliwa viatu, saa, simu, kitambulisho cha shingoni na kile kikoti chenye mifuko mingi. Mlango wa kijani ukafungwa.

Yaliyosemwa mle ndani hayasemwi hapa. Mkinidhania mwepesi wa kuyasema, mmenikosea. Naweza kusema tu yale yaliyoonekana na kuku, kwamba mwari alikalishwa mkekani, miguu mbele, macho chini, na kwamba mara ya kwanza alipofungua kinywa kutoa maoni alipata finyo la paja. Akafungua mara ya pili kuuliza kama finyo lile lipo kwenye mwongozo, akapata la pili. Mara ya tatu haikuwepo.

Akafundwa siku ile, akafundwa kesho yake, na kesho kutwa. Wanawake waliingia na kutoka kama kawaida yao. Alichota maji. Alipeta mchele. Alinyweshwa uji. Na kwa mara ya kwanza tangu atue Karibuni alisikia mwanamke akisema mpaka akamaliza, kwa sababu yeye hakuwa na ruhusa ya kumkatiza.

Nje, Songoro alikuwa anaungua na jua. Aligonga mlango akamwambia Mashavu kwamba Mkurugenzi anahitajika kwenye simu na makao makuu.

"Mwari hana simu," alisema Mashavu.

"Dada Mashavu, ni Rais wa shirika mwenyewe."

"Naye akija tutamtandikia mkeka."

Songoro akatuma taarifa kwamba Mkurugenzi yumo ndani ya jamii na jamii haijibu. Makao makuu wakaingiwa na hofu, wakachukua hatua za dharura za kiwango cha juu kabisa, yaani wakaitisha semina. Mada ilikuwa Kumpata Mkurugenzi Aliyeshiriki Kupita Kiasi. Ilifanyika Hoteli ya Wadau, na mti wake wa matatizo ulijaa ukuta.

Siku Bi Siwatu aliporidhika, alimgusa bega. "Inuka mwanangu, umefundwa."

Dokta Hildegad akainuka, miguu imekufa ganzi, uso umetulia. Hakuuliza habari za utekelezaji. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo, somo." Kisha akamwona Nyamvula pembeni na beseni lake, akamuuliza usiku alilala vipi, na akasubiri jibu. Bi Siwatu akageukia ukutani, akajifanya anafunga kanga.

*

Mngedhani mambo yameisha. Kumbe bado ripoti.

Dokta Hildegad alirudi ofisini, akakaa mbele ya mashine yake, na hakuandika kitu, kwa kuwa aliyoyasikia alipaswa kufa nayo. Akatuma kurasa tupu zenye nembo tu. Makao makuu wakazipokea, wakazipitisha kwa wataalamu, na wataalamu wakasema hawajawahi kuona ripoti isiyo na kosa hata moja. Wakaitolea tuzo. Ikatangazwa kwamba Rais wa Uzazi Duniani atakuja Karibuni mwenyewe na ufunguo wake mfukoni. Kutakuwa na hafla. Dokta Hildegad atakuwa mgeni rasmi, atapanda jukwaani, na ataieleza dunia kilichomo nyuma ya mlango wa kijani ili kiigwe kila mahali. Akishaeleza, kufuli zitafunguliwa papo hapo. Asipoeleza, basi matokeo hayajathibitika, na dawa zitarejeshwa baridini zikapumzike.

Usiku wa kuamkia hafla Dokta alikuja Mabatini kwa miguu. Alimwambia Bi Siwatu kwamba amewaomba, amewasihi, na wamemjibu kwa mchoro. Akamuuliza afanyeje.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja na lori la mume wa Nyamvula lilikuwa limeshavuka mpaka. Mtu na akili zake angesema, sema basi mwanangu, sema kidogo tu, dawa zitoke. Neno hilo lilimfika Bi Siwatu kwenye meno. Lakini alikijua kitakachofuata. Yakishasemwa jukwaani yatachapishwa, yakichapishwa yatabandikwa zahanati, na hakuna mwanamke atakayegonga tena mlango ule. Dawa zitakuwepo, za kumdunga nani? Bi Siwatu alilia siku hiyo, naye si mtu wa kulia.

"Umefundwa," alimwambia mwishowe. "Fanya kama ulivyofundwa."

*

Ukumbi wa hafla ulijaa. Serikali yote ilikuwepo, kuanzia mawaziri hadi wasaidizi wa wasaidizi wa makatibu, maana kulikuwa na pilau. Walikuwepo wakuu wa mashirika, mabalozi na wale wawezeshaji wa miti. Bi Siwatu na Mashavu walikalishwa nyuma kabisa karibu na vyoo. Mlangoni pa ukumbi Bi Siwatu alitundikwa shingoni kadi iliyoandikwa MNUFAIKA, na Mashavu akapewa iliyoandikwa MNUFAIKA MSAIDIZI.

Mheshimiwa Shibe Mandondo alifungua kwa hotuba. Alisema Serikali ya Karibuni inatambua kwamba mwanamke ni uti wa mgongo wa taifa, na kwamba uti wa mgongo kwa kawaida hukaa nyuma. Alisema nchi yake iko tayari kushirikiana na yeyote katika lolote, hata kabla hajaambiwa ni nini. Alishukuru wageni kwa majina yao, kisha kwa vyeo vyao, kisha kwa nchi zao, na alipomaliza akawashukuru kwa kushukuriwa.

Rais wa Uzazi Duniani akafuata, mzee mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Alisema wao hawakuja kutoa amri. Wamekuja kusikiliza, mradi kinachosemwa kiwe kimeletwa mapema kwa maandishi. Akaweka ufunguo wake juu ya meza watu wauone. Akamkaribisha mgeni rasmi aeleze.

Dokta Hildegad akapanda. Akashika kipaza sauti. Ukumbi ukanyamaza hata mtu aliyekuwa anatafuna sambusa akaacha. Akatazama mbali, nyuma kabisa, penye vyoo. Bi Siwatu alikuwa amesimama, mikono ameifumba kifuani, anaomba Mungu na hajui anamwomba lipi.

Dokta akakiweka kipaza sauti chini. Akavua viatu. Akashuka jukwaani, akakaa kwenye zulia katikati ya ukumbi, akanyoosha miguu, akainamisha macho, na akanyamaza.

Kisha Mheshimiwa Waziri, ambaye Kanuni ya Mgeni aliinywa pamoja na maziwa ya mama yake, akaanza kuhangaika na kamba za viatu. Akakaa zuliani kwa mshindo, miguu mbele, macho chini. Baraza zima la mawaziri likafuata. Makatibu wakafuata, na wasaidizi, na wasaidizi wao. Bwana Songoro akakaa. Mshereheshaji akakaa. Rais wa Uzazi Duniani alitazama huku na huku, akakumbuka mwongozo wao unasema mila za wenyeji ziheshimiwe hasa penye wapiga picha, naye akavua soksi. Wapiga picha nao wakaziweka kamera chini wakakaa.

Ukumbi mzima ukawa umenyoosha miguu na vidole vinaonekana, na wa soksi zilizotoboka wamejulikana. Hakuna aliyethubutu kuinuka kabla ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi hawezi kuinuka mwenyewe.

Mashavu ndiye aliyefahamu kwanza. Akamgusa Bi Siwatu kiwiko. "Mama wee, hawa wote si wari?"

Bi Siwatu akavua ile kadi ya mnufaika, akamkabidhi Mashavu. Akajifunga kanga kiunoni. Akapita katikati ya miguu ya serikali taratibu, mpaka akafika mbele ya Waziri.

"Ufunguo," alisema.

Mheshimiwa akafungua kinywa aeleze kuhusu taratibu. Hakumaliza neno la kwanza. Kwa taarifa yenu, finyo la somo halibagui paja. Akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo, macho chini. Bi Siwatu akamwendea Songoro, naye Songoro alishautoa zamani, maana mama yake alikuwa wa Mabatini na kuna mambo mwili haujasahau. Ule wa tatu ulikuwa mezani, na mwenyewe hakuruhusiwa kuinuka kuufuata. Bi Siwatu akauchukua. Rais wa Uzazi Duniani akabaki amekodolea macho vidole vyake vya miguu kama ndiyo kwanza anatambulishwa kwavyo.

Kisha akarudi kwa Dokta Hildegad. Alimgusa bega.

"Inuka mwanangu. Umefundwa."

Dokta akainuka, akachukua viatu vyake mkononi. Watatu hao wakatoka, wakaenda ghalani, wakafungua kufuli tatu, wakabeba maboksi kwa kupokezana mpaka Mabatini. Lile gari kubwa waliliacha, halikuweza kukata kona.

*

Wale wengine hawakuinuka. Wangeinukaje? Mgeni rasmi alikuwa ameshainuliwa na somo wake, lakini kila mmoja wao alipojiuliza wake ni nani, hakumpata. Katika serikali nzima hakukuwa na aliyewahi kufundwa. Kujiinua mwenyewe mwari haruhusiwi. Basi wakakaa.

Hadi leo wapo. Mashavu huwapelekea uji asubuhi, na anasema wamekuwa na adabu. Rais wa Uzazi Duniani ameomba kuongezewa sukari kwa ishara ya kidole. Waliobaki kazini ni manesi, walimu, mlinzi wa ghala na watu wa namna hiyo, na nchi inakwenda kwenda tu hivyo hivyo. Maji yanatoka. Zahanati zina dawa. Yule balozi wa karanga, ambaye siku ya hafla hakuwepo, ameandika kwao kwamba hajawahi kuona serikali tulivu kama hii.

Nyamvula alidungwa siku ile ile, lori likiwa linaingia mjini. Aliporudi kwa tarehe yake ya pili alimkuta Dokta Hildegad mlangoni, amekaa kigodani anachagua mchele, naye Dokta akamwitikia salamu, akampisha apite. Hakumwuliza alichofuata. Ndani, wakati Bi Siwatu anamfuta mkono kwa pamba, Nyamvula akauliza jambo lililokuwa likimkera moyoni.

"Somo, na wale wa ukumbini utawainua lini?"

"Mwari hainuliwi kabla ya kufundwa," alisema Bi Siwatu.

"Na utaanza lini kuwafunda?"

Bi Siwatu akatazama nje. Foleni ya wanawake ilikuwa imezunguka banda la kuku na kukata kona. Akachukua kikaratasi cha rangi alichobaki nacho tangu ile semina ya Hoteli ya Wadau, akaandika juu yake: Serikali na Shirika. Akasema ni wazo zuri sana hilo, tena zuri kupita yote. Akakilamba mgongoni, akakibandika peke yake kwenye ukuta wa mbali, karibu na choo, na akaita anayefuata.